Mwongozo kamili wa kuandika maelekezo yanayofuatika

Ukimwelekeza mtu uso kwa uso, nusu ya kazi anaifanya yeye. Akikunja uso unarudia, akishika kisu vibaya unamgeuza mkono, akiuliza chumvi kiasi gani unamwonyesha kiganjani. Kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa simu hayo yote hayapo. Binti uliyemtumia maelekezo ya wali wa nazi yuko Nakuru, jiko linawaka, tui limeanza kujitenga mafuta, na wewe uko Langoni, mjini Lamu, umelala. Atakachokitegemea ni maneno yako tu.

Kwa hiyo kila hatua ya maelekezo inahitaji vitu vitatu: tendo, kipimo, na dalili ya kuonyesha kwamba tendo limefaulu. Waandishi wengi huandika la kwanza, wachache huandika la pili, na la tatu karibu kila mtu hulisahau. Hilo la tatu ndilo linalomwokoa msomaji. "Chemsha tui" ni tendo. "Chemsha tui dakika tano" lina kipimo, lakini moto wa makaa na moto wa gesi haulingani. "Koroga mpaka povu jeupe lipande ukingoni mwa sufuria" linamfaa anayepika kwa makaa, kwa kuni au kwa gesi, kwa sababu linatazama chakula chenyewe, si saa wala jiko.

Anza na mwisho, kisha msomaji

Kabla ya sentensi ya kwanza, andika pembeni jibu la swali moja: msomaji akimaliza atakuwa na nini mkononi, au atakuwa amesimama wapi? Jibu lisipokaa katika mstari mmoja, basi una maelekezo mawili yaliyochanganyika na ni heri uyatenganishe. "Kupika wali wa nazi" ni kazi moja. "Kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka" ni kazi mbili zinazogombania moto mmoja, na ukiziweka pamoja itakubidi useme pia ipi inatangulia na ipi inangoja.

Halafu jiulize msomaji anajua nini tayari. Mtu aliyelelewa Mkomani, mtaa wa Lamu, ukimwambia akune nazi ataivuta mbuzi, akae, aanze. Aliyekulia bara huenda hajawahi kuiona mbuzi ya kukunia, na anaweza kudhani umetaja mnyama. Si lazima ueleze kila kitu kwa kila mtu. Chagua msomaji mmoja, mwandikie yeye, na juu kabisa useme ni nani: "Haya ni kwa mtu anayejua kuwasha jiko lakini hajawahi kupika kwa tui." Anayejua zaidi ataruka mistari. Anayejua kidogo kuliko hapo atatambua mapema kwamba anahitaji msaada.

Lugha nayo iangalie hapa. Ukiwaandikia watu wa Amu (yaani Lamu) tu, andika Kiamu chako, lahaja ya huko, bila wasiwasi. Yakisafiri mpaka Kisumu, "mtele" na "ndia" zitamkwamisha msomaji jikoni au barabarani, kwa hiyo tumia "mchele" na "njia". Jambo la maana zaidi ni kwamba kitu kimoja kiwe na jina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukikiita kifuniko katika hatua ya pili na mfuniko katika hatua ya sita, msomaji mwangalifu ataanza kutafuta cha pili. Katika insha, kubadilisha maneno ni uzuri. Katika maelekezo ni mtego.

Kuchota ujuzi kutoka mikononi

Sehemu ngumu ni hii: yule anayejua sana ndiye anayeeleza vibaya. Mikono yake imeshazoea kiasi kwamba haimwambii tena inachofanya. Muulize mpishi hodari anatia chumvi kiasi gani, atakujibu "kiasi". Hakufichi. Ndivyo anavyojua kweli, na kazi ya mwandishi ni kukigeuza hicho "kiasi" kuwa kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukipima.

Usimhoji akiwa ameketi barazani. Mtazame akifanya, na kalamu iwe mkononi. Kama ni mapishi, mwombe akubali jambo moja: kila anachotaka kukitia sufuriani akimimine kwanza katika chombo chako ukipime, ndipo akitie. Atafikiri unamchelewesha, lakini utapata vipimo ambavyo yeye mwenyewe hajawahi kuviona vimeandikwa.

Kisha kuna swali moja la kurudiarudia, tena kwa heshima: "Fundi, umejuaje kwamba hapa pametosha?" Mwulize hivyo fundi wa Matondoni, kijiji cha Lamu, anayekalafati dau, anayeshindilia pamba yenye mafuta baina ya mbao, na jibu la kwanza litakuwa kwamba anajua tu. Ngoja. Uliza tena penye mbao inayofuata. Polepole zitatoka dalili: mlio wa nyundo umebadilika, patasi haizami tena, pamba imelala chini kidogo ya uso wa mbao. Andika dalili hizo kwa maneno yake mwenyewe. Ukizitafsiri kuwa maneno mazito ya kitabuni, anayejifunza hatazitambua atakapokuwa na nyundo mkononi.

Angalia pia anachofanya bila kusema. Mpishi anageuza kipini cha sufuria mbali na njia ya watoto. Nahodha anatazama bendera iliyo juu ya nyumba kabla ya kuvuta tanga. Hayo hayatajwi kamwe katika maelezo ya mdomo, na mara nyingi ndiyo yanayotenganisha kazi nzuri na mkasa.

Vipimo ambavyo msomaji anavyo

Vipimo vyetu vya zamani vina mpangilio mzuri: vibaba vinne ni pishi moja, shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima. Shida ni kwamba shibiri ya fundi mrefu si ya kijana wa miaka kumi na miwili. Vipimo hivyo vinafaa pale ambapo mwili wa mtumiaji ndio kipimo chenyewe, au pale ambapo tofauti ndogo haidhuru. Kwingineko andika sentimita, gramu na mililita, kisha uongeze kitu cha nyumbani cha kufananisha. Kikombe ukikitaja, sema mara moja tu kwamba kina mililita 250. Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko kikubwa 15. Msomaji asiye na kipimo atajua atumie kikombe kipi cha nyumbani kwake.

Mahali pengine uwiano ni bora kuliko kipimo. "Mchele kikombe kimoja, tui vikombe viwili" unamfaa anayepikia watu watatu na anayepikia walima wa watu mia, ingawa wa mia atahitaji onyo kwamba sufuria kubwa hupoteza maji kidogo kuliko ndogo kwa kulinganisha, hivyo asimimine tui lote kwa mkupuo mmoja.

Mfano mzima: wali wa nazi

Hivi ndivyo watu wengi wanavyoandika: "Chuja tui, chemsha, tia mchele na chumvi, ukikauka tia tui zito, palia moto." Kwa anayejua ni ukumbusho mzuri. Kwa asiyejua, hakuna alichofundishwa. Sasa tazama yaleyale yakiwa yameandikwa ili yafuatike.

Vinavyohitajika kwa watu wanne: mchele vikombe 2, nazi kavu kubwa 1, maji ya uvuguvugu vikombe 4, chumvi kijiko 1 cha chai. Sufuria yenye kifuniko kinachokaa sawasawa, chujio au kifumbu, mwiko. Muda: karibu saa moja, pamoja na kukuna.

1. Vunja nazi, ikune. Ishia mara tu unapoanza kuona vumbi la kahawia; hilo ni ganda la ndani, nalo hulitia tui rangi na uchungu.
2. Mimina kikombe 1 cha maji juu ya nazi, ifinye kwa mkono, uichuje. Hili ni tui zito, liweke kando. Likikaa vizuri hufanana na maziwa mazito na huacha utando kwenye kijiko.
3. Yarudie machicha yaleyale kwa maji vikombe 3 vilivyobaki, ukifinya mara mbili au tatu. Hili ni tui jepesi.
4. Osha mchele mpaka maji yasiwe meupe sana, uuchuje.
5. Weka tui jepesi na chumvi motoni. Koroga bila kuacha mpaka lichemke. Ukiliacha, litakatika: mafuta yatapanda juu na chini kubaki maji yenye chembechembe. Likikatika bado linalika, ila wali hautakuwa mweupe wala laini vilevile.
6. Tia mchele. Koroga mara moja, punguza moto kidogo, funika nusu. Hatua hii imekwisha pale unapoona matundu madogo juu ya mchele na maji hayaonekani tena juu yake, ila yanasikika yakitokota chini.
7. Mimina tui zito juu, ugeuze mara moja kwa mwiko kutoka chini kwenda juu. Usikoroge kwa kuzungusha, punje zitavunjika na wali utakuwa bokoboko.
8. Funika kabisa. Kama ni jiko la makaa, toa makaa mengi chini na uweke machache juu ya kifuniko. Kama ni gesi, shusha moto mpaka mwisho. Ngoja dakika 15 hadi 20.
9. Onja punje kutoka katikati, si ya juu. Ikiwa kiini bado kigumu na sufuria imekauka, nyunyizia robo kikombe cha maji ya moto, funika dakika 5 nyingine.

Vifaa vimetangulia vyote, ili mtu asigundue katika hatua ya saba kwamba hana mwiko. Kila hatua imeanza na kitenzi cha kuamuru, kwa sababu macho ya mtu mwenye mikono yenye tui hutafuta kitenzi kwanza. Sababu imetolewa pale tu ambapo msomaji anaweza kushawishika kufanya kinyume. Kukoroga tui bila kuacha kunachosha, na mtu ataacha asipojua kinachomngoja. Kuosha mchele hakuna anayebisha, basi hakukuelezwa.

Hatua ya tisa ina neno "ikiwa". Maelekezo yasiyo na "ikiwa" yameandikwa kwa ajili ya siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Mchele mpya hunywa maji machache kuliko wa zamani, nazi nyingine ina tui haba, makaa mengine ni vumbi. Taja makosa mawili au matatu yanayotokea mara nyingi zaidi na namna ya kuyatoka, tena yataje palepale yanapotokea. Ukurasa wa mwisho wenye kichwa "Matatizo" hausomwi na mtu ambaye chakula chake kinaungua.

Onyo huja kabla ya mkono kufika

Hili halina mjadala. Onyo liandikwe kabla ya hatua inayohusika. Mtu hufuata maelekezo mstari kwa mstari, akisoma na kufanya, hivyo onyo lililo chini ya hatua hulifikia jicho wakati mkono umeshatenda.

Chukua kubadilisha mtungi wa gesi. Kinachoanza si "fungua vali". Kinachoanza ni: zima kila moto ulio karibu, pamoja na sigara, udi na jiko la makaa la jirani wa ukuta mmoja, na fungua milango. Toa sababu, kwa kuwa inabadili anachofanya msomaji: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi na mlango uwe wazi. Ndipo zifuate hatua. Funga vali ya mtungi unaokwisha, toa regulata, kagua mpira wa kuzibia kama haujapasuka, funga regulata kwenye mtungi mpya, fungua vali. Kamwe usitafute mvujo kwa kiberiti: paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likivimba na kuendelea kuvimba, gesi inavuja: funga vali, toa mtungi nje, usiwashe wala kuzima swichi ya taa.

Maonyo yawe machache. Ukiandika HATARI kwenye kila mstari, msomaji ataacha kuyaona kufikia mstari wa tano, na lile la kiberiti litapita pamoja na mengine.

Saa, maji na njia

Ukiandika "boti inaondoka saa 2" hujaeleza kitu. Kwa mwenyeji ni asubuhi au usiku, na kwa mgeni aliyezoea saa ya simu ni mchana. Andika hivi: "saa 2 asubuhi (simu itaonyesha 08:00)". Jedwali za maji na tiketi za ndege za uwanja wa Manda hutumia saa 24, basi mkumbushe msomaji kwamba 15:00 ni saa 9 alasiri.

Kisha kuna mambo ya Lamu ambayo saa haiyatawali kabisa. "Tembea ufuoni kutoka mjini mpaka Shela, kilomita tatu hivi, bahari ikiwa kushoto kwako" ni maelekezo sahihi maji yakiwa yametoka. Yakijaa, kuna mahali mtu atapita akiwa ameloa, mzigo kichwani. Sentensi iliyokosekana ni fupi: "Ondoka wakati maji yanatoka, au yakiwa bado mbali kujaa." Kila maelekezo yanayogusa bahari yaseme hali ya maji, na yanayogusa tanga yaseme pia kama ni msimu wa upepo wa kaskazi au wa kusi.

Kuhusu njia za mjini, usitumie alama inayohama. Punda aliyefungwa, mkokoteni wa maji ya matunda, mlango uliopakwa rangi mwaka huu: vyote hivyo kesho havipo. Tumia Ngome, Msikiti wa Riyadha, jeti, Usita wa Mui (njia kuu ya mji). Na mpe msomaji kamba ya kushika akipotea, kwa sababu atapotea. Katika mji wa kale wa Lamu kamba hiyo ipo: vichochoro vinateremka kuelekea baharini. "Ukipotea fuata mteremko, utatokea pwani, kisha uanze upya kutoka jeti." Sentensi hiyo moja inafaa kuliko ramani iliyochorwa vibaya.

Unapoeleza kitu kinavyofanya kazi

Hapa msomaji hana jambo la kutenda, anataka kuelewa, basi hatua za namba hazimsaidii. Kinachomsaidia ni mnyororo wa sababu: hiki kinasukuma kile, kwa hiyo unaona hivi. Anza na kile anachokiona tayari, kisha rudi nyuma kwenye sababu.

Mathalani maji kujaa na kupwa. Msomaji ameona kwamba jana madau yalielea saa fulani na leo saa ileile yamekaa kwenye matope. Anzia hapo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, si saa 24 kamili, kwa sababu dunia ikizunguka mara moja mwezi nao umesogea, na sehemu ile inahitaji dakika hizo 50 kuufikia tena. Hivyo kila siku maji huchelewa. Sasa ongeza kiungo cha pili: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi huwa kwenye mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua, maji kujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana, yakawa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu.

Kipimo cha maelezo ya namna hii ni kama msomaji anaweza kukisia kitu ambacho hukumwambia. Mwulize: leo maji yamejaa saa 4 asubuhi, kesho je? Akijibu karibu saa 5 kasorobo au saa 5, ameelewa. Akijibu saa 4, kuna kiungo umekiruka.

Jaribio la kunyamaza

Tafuta mtu anayefanana na msomaji uliyemchagua, umpe maelekezo pamoja na vifaa, ukae pembeni. Usiseme kitu. Hilo ni gumu kuliko kuandika kwenyewe, kwa sababu utamwona anakosea na ulimi utawasha. Mzuie pale tu atakapotaka kujiumiza. Kila anaposimama, anaporudi kusoma, anapokutazama, tia alama penye mstari huo. Ukishamsaidia kwa neno moja, jaribio limeharibika, maana neno hilo halimo kwenye karatasi.

Akimaliza, usimwulize kama ameelewa. Kwa adabu atasema ndiyo. Tazama alichotengeneza. Kisha rekebisha mistari yenye alama na umpe mtu mwingine, asiwe yuleyule, kwa kuwa wa kwanza sasa anajua.

Picha zitumike pale maneno yanapozunguka bila kufika: namna ya kufunga fundo, upande upi wa regulata unatazama juu. Picha ya sahani iliyokwisha pambwa haimfundishi mtu kupika. Kama maelekezo yatabandikwa ukutani karibu na jiko au botini, yaandike kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, na uyafunike kwa plastiki dhidi ya chumvi na mvuke.

Chini kabisa andika tarehe, na jina la aina ya kifaa au bidhaa uliyotumia. Regulata hubadilika umbo, nauli hupanda, jeti hukarabatiwa. Mtu atakayeyasoma baada ya miaka mitatu ataona tarehe na kujua ni mistari ipi ya kuihakiki kabla hajaanza.